Sukari Imeshuka, Mimi Bado Niko Juu

Jumatatu, 3 Machi

Leo chini kumeniita.

Haya, nimeliandika. Mdomoni lilikataa kutoka, kwenye karatasi limetoka.

Sisi maopereta wa kreni ndivyo tunavyosema. Mtu anakaa juu miaka na miaka, anakula huko, anapiga miayo huko, hajali. Halafu siku moja anatazama chini, na chini kunamwita. Kijasho chembamba. Magoti maji. Mikono inacheza bila ngoma. Mtu wa hivyo hushuka ngazi mara moja tu, hapandi tena. Nimewaona wawili. Tuliwaaga kama tunazika.

Na leo mimi! Ilikuwa baada ya chakula. Redio alinitumia ndoo kama kawaida. Redio ndiye mtoa ishara wangu: anasimama karibu na mzigo na simu yake ya upepo, ananiambia kulia, kushoto, shusha, simama, na katikati ya maneno hayo anatia habari za mtaa mzima. Mdomo wake hauna breki, jina likamkaa. Hapa kazini opereta hashuki kula. Ngazi ni ndefu mno, ukishuka na kupanda, mapumziko yamekwisha. Kwa hiyo chakula kinapanda kwa kamba. Redio anachemsha chai mwenyewe, anamimina sukari kama anapanga matofali, anafunga chupa pamoja na mikate miwili ya jemu kwenye ndoo, mimi navuta. Hamwachii mtu mwingine kazi hiyo. Ni heshima yake kwangu, na mimi nainywa yote.

Nikala, nikanywa, nikarudi kwenye mipini. Nimenyanyua mbao za zege, mara jasho la baridi mgongoni. Ndoano zikawa mbili. Moyo mbio. Na njaa – njaa ya mtu ambaye hajala tangu jana, wakati mkate bado uko kwenye meno! Nikasimamisha kila kitu, nikasingizia upepo. Chini ya kiti kulikuwa na soda. Nikainywa. Ikapita.

Mungu wangu, isiwe kweli. Baada ya yote niliyofanya ili nirudi kwenye kile kibanda cha kreni? Mwaka juzi daktari wa kampuni aligoma kunipitisha. Uzito. Ile ngazi imezungushiwa kizimba cha vyuma, nilikuwa napita kwa ubavu, napumua kama bomba bovu. Nikakubali wanikate tumbo, wanipunguzie mfuko wa chakula ubaki kama ngumi ya mtoto. Kazini niliaga kwamba nakwenda kutolewa ngiri. Ajuaye ni mume wangu peke yake. Wengine wote wanaamini nimekondeshwa na ngazi. Wananiita Mama wa Juu, na wananionea fahari! Redio anamwambia mke wake, mjamzito wa watu, kwamba akishajifungua aje apande ngazi yangu. Siku akirudia hilo mbele ya wakwe atalala nje.

Na pale chini kuna mpwa wa msimamizi. Tunamwita Mrithi. Ana leseni mpya mfukoni na ananitazama kama mtu anayesubiri kiti kliniki.

Jumanne, 4 Machi

Imerudi. Tena baada ya chai.

Soda ilikuwa tayari. Nikapiga nusu chupa, nikawa mzima. Muda si muda – ikarudi, kali kuliko ya kwanza! Nikamaliza chupa.

Kitu kimoja sikielewi. Leo sikutazama chini hata kidogo. Nilikazia macho paa la mbali. Sasa chini kuniite mimi nisiyekutazama?

Alhamisi, 6 Machi

Nusura niue watu leo.

Siandiki kwa kutia chumvi. Mzigo wa mabomba ulikuwa juu ya vichwa vya mafundi watatu na Redio mwenyewe. Redio akasema shusha. Mkono wangu ukapandisha. Akasema simama, nikasikia, nikaelewa, nikasema sawa – na mkono ukaendelea! Mabomba yakabembea. Mafundi wakatawanyika kama kuku. Redio hakukimbia, alibaki pale pale ananisemesha: Dada, acha mpini. Dada. Acha tu. Nikauacha.

Akaniuliza kwenye simu ya upepo nimekunywa nini huko juu. Kwa utani, lakini watu wote wa simu wanasikia. Mara msimamizi akaingia. Huyu tunamwita Sasa Hivi, maana hana neno jingine. Kuna nini huko? Nataka kujua sasa hivi! Redio akajibu kwamba betri ya simu yake inakufa, mimi sikumsikia vizuri, kosa lake. Akatukanwa yeye.

Jioni nilipofika chini alikuwa ananisubiri kwenye ngazi. Hakuwa na utani. Akasema sauti yangu ilikuwa ya mlevi, maneno yanaburutana. Dada, unaniambia au huniambii? Nikamwambia ni jino, nilimeza dawa kali. Halafu akasema basi ni damu imepungua, nimekonda kupita kiasi, kuanzia kesho ananiongezea sukari.

Nilimshukuru. Ningefanya nini?

Nimeshindwa kula usiku. Nimeona uso wake kila nikifumba macho, pale chini ya mabomba, hakimbii.

Jumamosi, 8 Machi

Aibu ya mwaka.

Wifi alikuja kutusalimia, ameleta juisi. Nikanywa glasi mbili, tukacheka, mambo mazuri. Yaliyofuata nimesimuliwa. Eti nilianza kumwaga jasho. Eti nilichukua pasi nikaiweka kwenye friji, nikaifunika kwa kitambaa. Eti wifi aliponiuliza nafanya nini nikampa vidonge vyake: kwamba mdomo wake ni mrefu, kofia zake mbaya, na ile sahani ya maua aliyotupa siku ya harusi ilikuwa imepasuka tangu dukani! (Ni kweli ilikuwa imepasuka. Lakini siku zote hizo nilinyamaza.)

Sikumbuki hata neno. Nilipozinduka nimekaa sakafuni, mume wangu ananilisha mkate na jemu kama mtoto. Wifi alishaondoka, kaacha ujumbe kwamba tangu nikonde nina maringo na sasa naongezea ulevi.

Mume wangu hakucheka. Ni dereva wa lori, anajua macho ya mtu anayelala huku yako wazi. Akaniuliza mara ngapi. Nikajaribu kumzungusha, hakuzungukika. Nikamwambia yote: mbao, soda, mabomba. Nikamwambia chini kumeniita, kazi yangu imeota mbawa. Nikalia kwa sauti.

Akangoja nimalize. Halafu akasema: Mke wangu, hapa ni jikoni. Chini gani huko kulikokuita jikoni?

Tumekaa sakafuni, hakuna mahali pengine pa kuanguka! Jumatatu tunakwenda hospitali. Nimetuma ujumbe kazini. Jino.

Jumatatu, 10 Machi

Sukari!

Si chini. Ni sukari ya damu. Nataka kuimba na nataka kutapika.

Muuguzi wa kliniki yetu sisi tuliokatwa tumbo, yule mnene anayetufundisha kula wakati yeye anamung'unya karanga, alinisikiliza kidogo tu akaanza kutikisa kichwa. Akauliza: inakuja ukiwa na njaa, au saa moja, mbili baada ya kula? Baada ya kula. Hasa baada ya nini? Nikafikiri. Chai. Mikate ya jemu. Juisi ya wifi. Akapiga meza: si nilikwambia siku ya kwanza? Aliniambia, ndiyo. Lakini mwaka mzima nilikunywa na sikupata kitu, nikaona ni maneno ya hospitali tu. Kumbe wengi huwapata hivyo, mwaka umepita, mtu amejisahau.

Alinieleza kwa lugha yangu. Tumbo la zamani lilikuwa ghala, kitu kinashushwa pole pole. Hili jipya halina ghala. Chai tamu inapita moja kwa moja kwenye utumbo, sukari inaingia kwenye damu kwa kishindo. Mwili unashtuka, unamwaga insulini kama unazima moto. Moto unazimika, maji yanaendelea. Sukari inaporomoka. Ndiyo jasho, ndiyo kutetemeka, ndiyo njaa, ndiyo ndoano mbili. Ikizidi kushuka ubongo unakosa chakula, mtu anasema asichokijua, anafanya asichokitaka. Ikizidi hapo, anazimia.

Na soda? Akacheka kwa uchungu. Soda inakupandisha na kukudondosha tena. Ulikuwa unazima moto kwa mafuta ya taa, mama.

Kwa hiyo chai ya Redio. Ile chai yenyewe! Anavyonipenda ndivyo anavyonimaliza.

Nimepewa mashine ndogo ya kupima. Chini ya nne, hapo ni hatari. Dawa yake: glukosi ya vidonge, kiasi kile alichonionyesha na si zaidi, subiri robo saa, pima. Bado? Rudia. Ikipanda, kula kitu cha kuishikilia – yai, karanga, kipande cha kuku. Na kila siku: milo midogo midogo, protini kwanza, mkate mweupe kaa nao mbali, usinywe na chakula, vinywaji vitamu kwaheri. Chakula kisipotosha kuna dawa ya kumeza, tutaona.

Akanifundisha na lingine. Mara nyingine kichwa kikishalewa hakijui kwamba kimelewa, kinakataa hata kupima. Basi uwe na daftari. Ukiwa na wasiwasi andika sentensi mbili. Herufi zikianza kupanda mlima, kula kwanza, bisha baadaye. Kuanzia kesho nitapanda na hili daftari.

Halafu daktari akaingia, akauliza kazi. Nikasema naendesha mashine. Mashine gani? Kubwa. Akasema niache kuendesha mpaka hali itulie, na niwaambie kazini, kwa sababu siku nikizidiwa huenda sitaweza kujisemea. Nikasema sawa, daktari. Sawa ya mdomoni.

Kazini kuna sheria moja haina mjadala. Mwenye kizunguzungu, cha aina yoyote, hapandi. Nikisema, nimeshuka. Nisiposema, Redio yuko chini ya mzigo. Nimezunguka hapo hapo jioni nzima, sioni mlango.

Mume wangu anasema sema. Rahisi kwake, lori lake liko ardhini.

Jumanne, 11 Machi

Nilipanda! Na mayai mawili ya kuchemsha, kuku, karanga, glukosi, mashine, daftari. Mfuko umekuwa kama wa mtu anayehama.

Nilimwambia Redio asitume chai. Hakuelewa. Akatuma. Nikairudisha kwenye ndoo, kizibo hakijafunguliwa. Haijawahi kutokea chai kushuka. Niliona kofia yake ikiinama juu ya ndoo. Halafu simu: Dada, nimekukosea nini?

Nikasema tumbo halipokei tamu siku hizi. Akasema sawa.

Nilipima mchana, tano na ushei. Nikatazama chini makusudi, nikatazama kweli kweli. Vichwa, toroli, mchanga. Hakukuniita hata kidogo! Nikacheka peke yangu kibandani kama mwendawazimu.

Ijumaa, 14 Machi

Siku nne njema. Mara moja tu ilianza kushuka, nikaikamata njiani, hakuna mzigo uliokuwa hewani. Naijua sasa. Kabla ya jasho inakuja kwanza hasira. Mtu akisema shusha natamani kumtukana. Nikiona hivyo, napima.

Lakini Redio amenuna. Kulia. Shusha. Simama. Basi. Hakuna habari za mtaa, hakuna mke, hakuna mama mkwe. Kimya hiki kinanichosha kuliko kazi. Sikujua kwamba nilikuwa namtegemea kiasi hiki, huko juu ni mimi na sauti yake tu.

Na leo Sasa Hivi kaniita pembeni, kaniuliza kwa adabu ya kujilazimisha kama nina mimba. Eti eneo zima linasema: nimekataa chai, nimebadilika sura, nabeba mayai. Nikamwambia bosi, kwa umri huu? Akasema siku hizi lolote linawezekana. Angejibiwa nini mtu wa hivyo? Nimecheka mpaka getini, nilipofika getini nikaacha kucheka.

Maana pale getini anakaa mzee mmoja anayefungua na kufunga. Alikuwa opereta wa kreni ya pili. Presha. Alisema ukweli, wakampongeza kwa uaminifu, wakampa geti. Kila asubuhi ananiuliza upepo wa juu ukoje leo. Namjibu. Anatikisa kichwa kama anauonja.

Jumatatu, 17 Machi

Nilikata shauri kusema.

Nilipiga moyo konde tangu nyumbani, mume wangu akanishika bega, nikaenda moja kwa moja kwenye kontena la ofisi. Mlango ulikuwa nusu wazi. Mrithi alikuwa ndani, anamwambia mjomba wake kwamba mwanamke akishafika umri fulani kreni si mahali pake, mimi sauti yangu imeanza kulegea, yeye yuko tayari hata kesho. Mjomba hakubisha. Alisema tu subiri, atajitoa mwenyewe.

Nikagonga. Sasa Hivi akauliza nataka nini. Nikasema glavu.

Glavu! Nikapewa glavu. Nina jozi sita mpya kibandani, sasa saba.

Nimejichukia mchana kutwa. Wanasubiri nijitoe mwenyewe, na mimi nisipojitoa naweza kumwangushia mtu tani nzima kichwani. Kila upande ukuta. Nimepima, sukari ilikuwa sawa. Kumbe hata sukari ikiwa sawa mtu anaweza kutetemeka hivi.

Jumatano, 19 Machi

Naandika nikiwa kibandani. Herufi hizi ndizo kipimo, kwa hiyo nitaandika polepole.

Mzigo uko hewani.

Nianze mwanzo. Asubuhi Redio alikuja anakimbia, amevaa shati la kutokea juu ya suruali ya kazi. Mke wake amejifungua! Msichana. Baada ya miaka yote ile ya kwenda hospitali na kurudi na mikono mitupu, wawili hao wamepata msichana. Alinikumbatia mbele ya watu. Alisahau kwamba amenuna! Na siku nzima simu ya upepo ikafufuka. Mtoto ana kucha, Dada, kucha kamili! Mtoto amepiga chafya!

Mchana akaniambia vuta ndoo. Ndani kulikuwa na kipande cha keki kimefungwa kwa karatasi ya rangi, na chupa ya chai. Akasema: Hiki ni cha kwanza kukatwa, Dada. Hata mama yangu bado. Nimekutumia wewe kwanza, usinirudishie hii.

Nilimwona amesimama pale chini, uso juu, anasubiri.

Nilijua. Sitasema sikujua. Nilikula yai kwanza, nikajidanganya kwamba yai litashika. Halafu nikala keki yote. Nikanywa chai yote, tamu kama zamani. Nikateremsha ndoo tupu, akaitazama, akaruka juu kama mtoto.

Nilipaswa kupima na kukaa kando. Lakini nondo zilikuwa zimefika, Sasa Hivi anazitaka sasa hivi. Nikanyanyua.

Hasira ndiyo iliyokuja kwanza. Redio alisema kushoto kidogo, Dada, nikataka kumwambia afunge bakuli lake. Yule Redio wa leo! Hapo nikajua. Nondo zilikuwa juu ya sakafu mpya, mafundi wako chini yake, na yeye katikati yao. Nikaachia mpini. Nikafunga breki. Nikaweka mikono mapajani, ikawa inacheza yenyewe.

Nikabonyeza simu. Nikasema: Ondoa watu wote chini ya mzigo. Na wewe toka.

Akauliza kuna nini, upepo?

Kumbe neno lilikuwa tayari mdomoni, upepo. Lingetosha kama lilivyotosha siku ile. Lakini nisingesema ukweli wangerudi kusimama pale baada ya dakika mbili, wanajua upepo hupita. Nikasema: Si upepo. Sukari yangu imeshuka. Nilikatwa tumbo mwaka juzi, si ngiri, nilikatwa tumbo, na nikila kitu kitamu sukari inaporomoka na mikono hainisikii. Hata yale mabomba ilikuwa ni hii. Msisimame chini yangu.

Watu wote wa simu wamesikia. Pengine mpaka getini.

Niliona wanatoka, mmoja mmoja, wanatazama juu. Yeye wa mwisho.

Nilipima. 2.7. Glukosi mdomoni. Mkono ulimwaga vidonge viwili sakafuni, nikavifuata kwa magoti nikavipuliza nikavila.

Sijawahi kusikia simu hii kimya namna hii. Halafu, sauti ndogo ya Redio: Ile chai?

Nikahesabu vidonge vilivyobaki.

Ile chai yangu, Dada? Siku zote hizi?

Nikasema: Niliinywa mwenyewe. Leo nilijua, nikainywa.

Akapumua, nikasikia anapumua.

Sasa Hivi akaingia. Anapiga kelele. Nishushe mzigo sasa hivi! Halafu: nisiguse kitu! Halafu: nishuke mimi! Nishuke vipi? Ngazi kama hii, na magoti haya? Siwezi kushuka. Siwezi kushusha. Nondo zinazunguka polepole huko nje zenyewe, nami nazitazama.

Redio akamkatiza. Mbele ya eneo zima, akamkatiza bosi: Naomba unyamaze kidogo, bosi, nazungumza na opereta wangu. Dada, robo saa, si ndivyo? Mama yangu ana kisukari, najua habari ya kusubiri. Keti. Nitakusimulia mtoto.

Akaanza. Mtoto ana pua yangu, maskini wa Mungu. Muuguzi kanipa nimshike, nikamshika kama nondo, kanigombeza. Ameendelea hivyo, hajachoka. Nimemsikia akikohoa katikati, na kile kikohozi hakikuwa kikohozi. Akaendelea.

Robo saa. 3.3. Bado. Glukosi tena. Mistari ya huko juu imepanda mlima, naiona sasa, kuanzia pale kwenye ndoo. Hii inaanza kunyooka.

Ngazi inatikisika. Mtu anapanda. Nimechungulia. Mrithi. Amefunga mkanda wa usalama, anapanda vizuri, kijana hana ubaya, anafuata kanuni zote. Anakuja kukaa kwenye kiti hiki. Akishakaa, akashusha nondo zile mbele ya watu, sitakaa tena. Najua geti lilivyo. Kuna kiti cha plastiki na kijidirisha.

Nimetafuna karanga. Nimepima tena.

4.4.

Mikono imetulia. Nimeinyoosha mbele yangu, imetulia kama ya mtu mwingine. Sakafu pale chini ni tupu. Upepo hakuna. Mpini uko karibu na goti langu la kulia. Kazi ya kushusha ule mzigo ni dakika moja tu, nimeifanya maelfu ya mara, ningeifanya nikiwa nasinzia. Nikiushusha kabla hajafika, nitakuwa nimeimaliza kazi mwenyewe. Watasema alipata shida kidogo, akatulia, akamaliza kazi yake. Labda.

Muuguzi alisema ikipanda usiiamini mara moja. Kula, subiri, iache ishike. Ile ya jana jikoni pia ilipanda, ikanicheka, ikaanguka tena.

Si jana. Jumamosi ile. Nimeandika jana! Basi kichwa bado.

Au ni haraka tu? Mtu mzima pia hukosea siku.

Redio anasema mzigo uko salama, Dada, hauna haraka, mimi niko hapa. Lakini amesogea. Yuko ukingoni mwa ile sakafu, ameinua uso, simu mdomoni. Hatua chache tu. Nimwambie arudi nyuma.

Nimemwambia. Amerudi.

Mrithi anagonga mlango wa sakafuni, chini ya miguu yangu. Anahema. Anasema Mama, fungua. Kwa heshima kabisa, Mama. Komeo liko upande wangu.

4.4 ni zaidi ya nne. Muuguzi mwenyewe alisema nne.

Mkono wa kulia umeshika kalamu. Ukiwa kwenye kalamu hauko kwenye mpini. Kwa hiyo naandika. Anagonga tena. Naandika. Herufi zimenyooka kabisa, tazama, zimenyooka kama mistari ya shule, na bado naandika.

Mkono wa kushoto umefika kwenye komeo.